Mbuzi wa Maziwa katika Kibaha na Kisarawe

1. Nchi na mnyama aifaaye

Kibaha iko magharibi ya Dar es Salaam, katika njia kuu iendayo Morogoro; na Kisarawe iko kusini-magharibi, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Zote mbili zimo katika Mkoa wa Pwani. Ni nchi ya Wazaramo tangu zamani, na leo wakaa humo pamoja nao watu wa makabila mengi. Mazao yake mwayajua: muhogo, nazi, korosho na maembe. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, masika tangu Machi hata Mei, na vuli tangu Oktoba hata Desemba. Vichaka ni vingi, wala majani hayakosekani illa wakati wa kiangazi kikali. Mbona basi watu wa huku hawakuwa wafugaji wakubwa wa ng'ombe, kama Wagogo au Wasukuma?

Sababu moja kubwa ni mbung'o. Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari wa jeshi la Kiingereza jina lake David Bruce alivumbua kwamba inzi huyu huchukua vijidudu katika damu ya mnyama mmoja na kuvitia katika damu ya mwingine. Ng'ombe akiisha kuumwa na mbung'o mwenye vijidudu hivyo, hukonda, hupungukiwa na damu, na aghalabu hufa. Tena wako kupe, wanaoleta ndigana kali, ugonjwa uuao ng'ombe wengi, hasa wale wa kigeni.

Mbuzi naye huweza kuumwa na mbung'o, lakini kwa desturi hadhuriki kama ng'ombe. Na ndigana kali ya ng'ombe haimwui. Chakula chake ni kidogo, hutosheka na uwanja mdogo, na hata mtoto wa shule aweza kumwongoza. Kwa hiyo nyumba isiyoweza kununua ng'ombe yaweza kupata maziwa kwa mbuzi mmoja au wawili.

Lakini angalieni jambo hili. Mtu maskini anunuapo mbuzi mmoja wa maziwa, huweka mali yake karibu yote katika mnyama mmoja. Mbuzi huyo akifa, hasara si ya nyama tu. Ni maziwa ya watoto, na ada, na madaftari, na tumaini la nyumba nzima. Ndipo watu hunena, "Ng'ombe wa maskini hazai," na pengine humtazama jirani kwa jicho baya, wakidhani amewafanyia uchawi. Katika somo hili tutaona kwamba vifo vingi vya mbuzi vina sababu zionekanazo kwa macho, na ya kuwa mtu mwangalifu aweza kuzizuia.

2. Aina za mbuzi

Mbuzi wetu wa kienyeji ni mdogo, mvumilivu wa joto na wa njaa. Maziwa yake ni machache, kwa kawaida yamtosha mtoto wake tu. Mbuzi wa maziwa wajulikanao sana duniani walitoka nchi za baridi. Mbuzi mweupe aitwaye Saanen, na mbuzi wa rangi ya kahawia mwenye mistari myeupe usoni aitwaye Toggenburg, asili yao ni milima ya Uswisi. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa Tanzania, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikawapeleka kwa wakulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru. Huko juu hewa ni baridi, nao wakakaa vizuri.

Pwani si Mgeta. Hapa joto ni kali, na hewa ina unyevu mwingi. Mbuzi wa kigeni halisi hutaabika, hula kidogo, na magonjwa humpata upesi. Kwa hiyo yafaa zaidi kuwa na chotara, yaani mbuzi aliyezaliwa na dume la kigeni na jike la kienyeji. Kwa mama hurithi uvumilivu, na kwa baba hurithi maziwa. Chotara mwema, akilishwa vizuri, aweza kutoa lita moja hata mbili kwa siku. Asipolishwa vizuri hatoi hata nusu ya hiyo; maana maziwa hayatoki katika jina la kabila la mbuzi, hutoka katika chakula.

3. Nyumba ya mbuzi

Mbuzi huchukia maji na matope kuliko wanyama wengi. Alalapo juu ya ardhi yenye unyevu, kwato zake huoza, mapafu yake huugua, na minyoo humwingia. Basi nyumba yake na iinuliwe juu ya nguzo, kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Sakafu na iwe ya fito au mbao nyembamba, zenye nafasi ya sentimita moja na nusu kati yake. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hiyo, mavi hayapiti. Ikiwa kubwa zaidi, mguu wa mtoto hunasa na kuvunjika. Kila mbuzi mkubwa apewe nafasi ya mita moja na nusu ya mraba. Paa laweza kuwa la makuti, mradi lisivuje. Upande ule utokako upepo wa mvua uzibwe, na pande nyingine ziachwe wazi kiasi, hewa ipite.

Vyombo vya chakula na maji vitundikwe nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu na kula. Akikanyaga chakula chake hakili tena. Mavi yaangukayo chini yafagiliwe na kuwekwa shimoni. Baada ya miezi michache huwa mbolea njema sana kwa bustani ya mchicha, na ardhi yetu ya mchanga yaihitaji mno.

Kumfuga mbuzi nyumbani kwaleta faida nyingine, nayo ni amani. Mbuzi aliyeachwa ovyo hula muhogo wa jirani, huguguna miche ya mikorosho, na ugomvi huingia kijijini. Tena misitu yetu, kama ile ya Pugu na Kazimzumbwi, imekwisha kupungua kwa kukatwa kuni na mkaa. Haifai tuongeze meno ya mbuzi juu ya shoka.

4. Chakula

Wahenga walisema, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mbuzi aliyefungiwa nyumbani kamba yake ni mkono wa bwana wake. Asipoletewa, hana pa kwenda.

Mbuzi wa kilo 40 ahitaji chakula kikavu cha kilo moja na robo hata kilo moja na nusu kila siku. Majani mabichi yana maji mengi, karibu robo tatu ya uzito wake. Kwa hiyo lazima ale kilo 5 au 6 za majani mabichi. Na kwa kuwa mbuzi ni mchaguzi, huacha vijiti na majani machafu, mletee kilo 8. Yaliyobaki tia katika shimo la mbolea.

Majani yafaayo ni haya: mabingobingo, majani ya mbaazi, ya kunde, matembele, na majani ya miti ya mlusina na gilirisidia. Majani ya jamii ya kunde hujenga mwili na kuongeza maziwa. Lakini mlusina usizidi theluthi moja ya chakula chote, kwa sababu una kitu ambacho kikizidi hunyonyoa manyoya na kumdhoofisha mnyama. Katika Kibaha, mahali paitwapo Vikuge, pana shamba la serikali la malisho na mbegu zake. Walimu na wazazi waweza kuuliza habari huko.

Mbuzi anayekamwa hupewa pia chakula cha nguvu: pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti au ya nazi, kiasi cha nusu kilo kwa kila lita ya maziwa anayotoa. Machicha ya nazi kutoka jikoni yaweza kuongezwa, yakiwa yamekaushwa wala hayajachacha. Apewe chumvi ya kulamba, na maji safi siku zote. Maziwa kwa sehemu kubwa ni maji. Mbuzi mwenye kiu hawezi kujaza ndoo.

5. Sumu iliyo katika muhogo

Sasa sikieni kwa bidii, kwa kuwa jambo hili ni la uhai na mauti. Majani mabichi ya muhogo, na maganda yake mabichi, yana asili ya sumu iitwayo sianidi. Jani likiwa zima sumu imefungika. Likitafunwa, sumu hutoka na kuingia katika damu. Mbuzi aliyekula mengi huhema upesi, hutetemeka, huanguka, na aweza kufa kabla bwana wake hajapata kumwita mganga wa wanyama. Muhogo mchungu una sumu nyingi kuliko mtamu.

Labda mtu atauliza, "Mbona mbuzi wa babu walikula majani ya muhogo wasife?" Jibu ni hili. Mbuzi wa babu alizunguka, akauma jani moja hapa na jingine kule, na tumbo lake lilikuwa limekwisha kujaa majani mengine. Lakini mbuzi wa nyumbani aliyeshinda na njaa, akitupiwa mzigo mzima wa majani ya muhogo, hula wote mara moja. Sumu kidogo mwili huishinda. Sumu nyingi kwa mara moja huushinda mwili.

Je, tuyatupe majani hayo? La, hasha. Mama zetu wametuonyesha njia: hawapiki kisamvu bila kukitwanga na kukichemsha sana. Kwa mbuzi tunatumia jua. Katakata majani, au maganda, yatandaze juu ya mkeka katika jua kali, yageuze mara kwa mara, mpaka yakauke kabisa kwa muda wa siku mbili au tatu. Jua na hewa huiondoa sehemu kubwa ya sumu, na majani makavu huwa akiba njema ya kiangazi. Hata hivyo anza kwa kumpa kidogo, ukiyachanganya na chakula kingine.

6. Minyoo wakati wa masika

Mbuzi wengi wa pwani hufa wakati wa masika, ambapo majani ni tele. Watu hustaajabu, husema, "Amekufaje naye alikuwa akishiba?" Muuaji wake mkubwa ni mnyoo mdogo akaaye katika tumbo la nne, naye chakula chake ni damu. Mnyoo mmoja hunywa kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya mililita kwa siku. Ni kitu kidogo sana. Lakini fanyeni hesabu: minyoo 1,000 hunywa mililita 50 kila siku, na kwa siku 20 ni lita moja. Mbuzi wa kilo 30 ana damu kiasi cha lita mbili tu! Mwili hujitahidi kutengeneza damu mpya, lakini minyoo ikizidi haiwezekani kuifikia.

Mnyoo jike hutaga mayai maelfu kila siku. Mayai hutoka pamoja na mavi, na katika joto na unyevu huanguliwa. Kwa muda wa juma moja hivi watoto wake huwa tayari, hupanda juu ya majani mafupi yenye umande, na mbuzi mwingine huwameza. Hii ndiyo sababu ya kufa wakati wa mvua. Basi kinga yake twaweza kuifahamu wenyewe: tusichunge asubuhi kabla ya umande kukauka, tuwape mbuzi majani ya miti yaliyo juu, maana minyoo haipandi huko, na tukate majani mbali na mahali wanapokunya mbuzi.

Ili kumjua mgonjwa, mfunue kope la chini la jicho utazame ngozi ya ndani. Ikiwa nyekundu, damu ipo. Ikiwa ya waridi hafifu, mwangalie sana. Ikiwa nyeupe kama karatasi, yu hatarini, apate dawa leo hii. Dalili nyingine ni uvimbe laini chini ya taya. Dawa itolewe kwa kadiri ya uzito wa mnyama, kwa shauri la bwana mifugo. Anayegawanya dawa ya mbuzi mmoja kwa mbuzi watatu haokoi fedha. Huwaua minyoo dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazae, na mwisho dawa ile haifanyi kazi tena.

7. Magonjwa mengine

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, upande wa kaskazini. Mbuzi hupata homa, hutokwa na uchafu machoni na puani, huota vidonda kinywani, huhara na kufa. Hauambukizi wanadamu, lakini huweza kumaliza zizi zima. Dawa ya kuuponya haipo. Chanjo ya kuukinga ipo. Iko pia homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo dalili zake ni kukohoa, kuhema kwa shida na kukataa chakula. Mbuzi wa namna hii atengwe mara moja, na bwana mifugo aitwe.

Watu wa Kibaha wana jambo la kujivunia, kwa kuwa Taasisi ya Chanjo za mifugo ya serikali iko kwao. Humo hutengenezwa chanjo za magonjwa kama kideri cha kuku, kimeta na chambavu.

Mbuzi mgeni asitiwe zizini siku ile ile anunuliwapo. Na akae peke yake siku 21, achunguzwe. Kupe waondolewe, na kwato zikatwe kila baada ya miezi miwili hivi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

8. Kuzaa na kulea

Mbuzi jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi. Hulia, hutikisa mkia, na hamu ya chakula hupungua. Mwanamwali asipandishwe kabla ya kufikia theluthi mbili za uzito wa mbuzi mkubwa, wala jike asipandishwe na baba yake au ndugu yake, maana uzao hudhoofika. Mimba huchukua siku 150, yaani miezi mitano. Miezi miwili ya mwisho mama asikamwe, apate kujenga mwili wake na wa mtoto.

Mtoto akizaliwa, futa pua yake, paka kitovu chake dawa ya iodini, na uhakikishe amenyonya maziwa ya kwanza katika saa ile ya kwanza. Maziwa hayo mazito ya manjano wengine huyamwaga, wakidhani ni uchafu. Ni kosa kubwa. Mtoto wa mbuzi huzaliwa hana kinga ya magonjwa katika damu yake. Huipata katika maziwa hayo, na baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea.

9. Kukama, na habari ya Malta

Anayekama anawe mikono kwa sabuni, aoshe kiwele kwa maji ya vuguvugu, akikaushe kwa kitambaa safi. Maziwa machache ya kwanza ayakamie juu ya kitambaa cheusi. Akiona madonge au damu, kiwele kina ugonjwa. Maziwa hayo yasinywewe. Mbuzi aliyepewa dawa maziwa yake yasitumiwe mpaka zitimie siku alizoagiza bwana mifugo. Dume akae mbali, kwa sababu harufu yake huingia katika maziwa.

Tena maziwa yachemshwe siku zote. Katika kisiwa cha Malta askari wengi wa Kiingereza waliugua homa ndefu yenye jasho na maumivu ya viungo. Mwaka 1887 yule yule David Bruce tuliyemtaja aliviona vijidudu vya homa hiyo, lakini hakujua huingia kwa njia gani. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi waliokamwa mjini. Kwa macho walikuwa wazima, wanono; kumbe wengi walikuwa na vijidudu, na vijidudu vilikuwa katika maziwa. Mwaka 1906 askari wakakatazwa kunywa maziwa yale, na homa ikapungua sana. Ugonjwa huo hata leo uko katika nchi nyingi, na Tanzania ni mojawapo. Mbuzi wenye nao pengine hutupa mimba. Kwa hiyo asiguse mtu mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, wala asinywe maziwa mabichi kwa kusema, "Mbuzi wangu mzima."

Maziwa yaliyochemshwa huwajenga watoto mifupa na mwili. Lakini mtoto mchanga apewe maziwa ya mama yake tu kwa miezi sita ya kwanza. Na asiyetimiza mwaka asifanyiwe maziwa ya mbuzi kuwa badala ya yale ya mama.

10. Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika siku ya kupandishwa, siku ya kuzaa, maziwa ya kila siku, dawa na chanjo. Mbuzi akitoa lita moja na nusu kwa siku 200, ni lita 300. Asiye na daftari husema tu, "Alikamwa vizuri," wala hajui kama pumba alizonunua zimerudisha fedha yake. Tena daftari humwonyesha jike lipi alibakize na lipi aliuze.

Wanafunzi, mnyama hana kinywa cha kueleza maumivu yake. Mwenyezi Mungu ametupa sisi macho ya kumtazamia na akili ya kumfikiria. Leo jioni, mrudipo nyumbani, mfunueni mbuzi mmoja kope la jicho, mtazame rangi yake. Mkiona weupe, mwambieni baba au mama kabla jua halijatua.

Maswali

1. Kwa nini mbuzi wafaa Kibaha na Kisarawe kuliko ng'ombe wa kigeni?
2. Chotara hurithi nini kwa baba, na nini kwa mama?
3. Eleza kwa nini sakafu ya nyumba ya mbuzi huinuliwa.
4. Mbuzi watatu wa kilo 40 waletewe kilo ngapi za majani mabichi kwa siku? Kwa juma je?
5. Mbuzi ana minyoo 2,000. Hupoteza damu kiasi gani kwa siku 10?
6. Eleza hatua za kukausha majani ya muhogo, na sababu yake.
7. Zammit alivumbua nini, nasi twajifunza nini kwake?
8. Mbuzi amepandishwa tarehe 1 Februari. Atazaa karibu na tarehe gani? Aache kukamwa lini?